Breki ya Mwalimu

Mguu wangu wa kulia ni mwoga kuliko mimi, na mimi mwenyewe si jasiri. Nimefundisha watu kuendesha gari tangu binti yangu hajaota meno. Gari letu la mafunzo lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi, na nyingine iko mbele ya kiti cha abiria, chini, mahali anapokaa mwalimu. Mwanafunzi akielekea kugonga, mwalimu anakanyaga. Nimekanyaga kiasi kwamba hata nikiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, nikisikia honi nje, mguu unakanyaga hewa. Watu hucheka. Mimi sicheki, maana mguu huo umewarudisha nyumbani watoto wengi wa watu wakiwa wazima.

Aliyenishinda kumfundisha ni mmoja tu, naye ni wangu wa kumzaa.

Tunamwita Chiriku, kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza hata kwa kulishwa. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, kwa homa, si kwa gari, kwa hiyo msinitafutie sababu huko. Nilimfundisha gari mwenyewe, na kila aliyemwona barabarani alisema huyu mtoto anateleza kama maji. Siku ya mtihani akapanda gari la wakaguzi, ambalo lina breki moja tu. Alipofika kwenye mzunguko, gari likaenda, likaendelea kwenda, likapanda ukingo na kuubusu mlingoti wa taa. Hakuna aliyeumia. Mkaguzi alipomuuliza kwa nini hakufunga breki, mwanangu alijibu, "Nilidhani litasimama."

Alisema kweli. Mikononi mwangu gari lilikuwa linasimama kila mara. Nilikuwa nakanyaga taratibu, kwa siri, kabla hata yeye hajaiona hatari, nikijisifu moyoni kwamba simtishi mtoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga, nami nililia jikoni, nimefungulia bomba ili asinisikie.

Leseni aliipata mara ya pili, akifundishwa na mjomba wake, kaka yangu, ambaye tunaendesha naye shule ya udereva. Tangu hapo hajakubali kuniendesha. "Mama, shika wewe," husema, akizunguka kwenda upande wa pili wa gari.

Basi akaingia chuo cha ufundi kusomea uhandisi. Mwaka wa kwanza lazima upite kalkulasi ya utangulizi, na Chiriku hakupita. Ukifeli mara mbili unafungasha virago, hakuna mjadala. Alipoleta habari hiyo nyumbani aliileta kwa sauti ndogo, amesimama mlangoni na viatu mguuni, kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga. Kumbe Chiriku wangu alikuwa amenyamaza tangu zamani, na mimi sikuwa nimetambua.

Ikatokea pia kwamba siku hizo anayetaka kuwa mkaguzi wa madereva anatakiwa awe na stashahada ya usafirishaji, na mwaka wake wa kwanza una kalkulasi ileile, katika darasa lilelile. Kaka yangu alikuwa ameniimbia wimbo huo muda mrefu: nenda dada, usome, shule yetu ipate jina. Nilikuwa nikimjibu kwamba mzigo wa hesabu niliutua nilipomaliza shule na sina mgongo wa kuubeba tena. Baada ya Chiriku kufeli, nikaenda kujiandikisha. Nilimwambia kaka ni kwa ajili ya shule yetu. Uongo mtupu. Nilitaka kukaa kiti cha pembeni.

Nilipomwambia, Chiriku hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akatazama vidole vyake. "Sawa, Mama. Lakini usikae na mimi. Na mle ndani mimi si mwanao."

"Nani mwingine atakuwa mwanangu?"

"Mama, tafadhali."

Nikakubali. Siku ya kwanza nikavaa sketi ya heshima, nikaingia darasani. Chumba kirefu, madawati ya watu wawiliwawili yamefungwa sakafuni kwa bolti, feni ya darini inagongagonga kama mlango uliosahauliwa, ubao wa kijani umejaa mabaki ya hesabu za darasa lililotoka. Vijana tupu. Wengine nilikuwa nimewafundisha gari mimi, na mmoja akaita kwa nguvu, "Mwalimu! Umekuja kutukagua gia?" Darasa zima likacheka. Nilitafuta pa kujificha. Katika sura zote zile niliyoijua vizuri ilikuwa moja, na pembeni yake palikuwa wazi. Sikumbuki kuamua. Nilijikuta nimekaa.

"Mama jamani," akanong'ona bila kugeuka.

Nikasema nitahama kesho. Lakini mlango ukafunguka, akaingia mhadhiri, mtu mwembamba mwenye koti lenye vumbi la chaki mifukoni, akahesabu vichwa, akaandika. "Mlivyokaa ndivyo mtakavyofanya kazi hadi mwisho," akasema. Ukweli ni kwamba niliogopa na nilifurahi kwa pamoja, na Chiriku aliiona ile furaha.

Mhadhiri huyo wanafunzi walimwita Ushahidi. Ukimpa jibu, hata liwe sahihi namna gani, anakunja mikono: "Ushahidi uko wapi?" Alikuwa na utaratibu wake wa kutahini ambao sijauona kwingine. Wanafunzi wawili wanakwenda ubaoni. Mmoja ni Mkono: anaandika, anasema anachofanya. Wa pili ni Jicho: anasimama nyuma yake, hatua chache, na katika muda wote huo anaruhusiwa neno moja tu. Neno hilo ni "Rudi."

Mkono akikosea na Jicho likasema rudi, wote wanapata. Mkono akikosea Jicho likanyamaza, wote wanakosa. Jicho likisema rudi pasipo kosa, Jicho limekwisha. Mkono naye ana hiari: anaweza kurudi, anaweza kukataa. Akirudi bure, akafuta kazi yake nzuri, wanazama pamoja.

"Kwa nini tunafanya hivi?" kijana mmoja akauliza.

"Kwa sababu daraja likianguka," Ushahidi akasema, "husikii mtu akisema alikuwa peke yake."

Nikaangalia mguu wangu chini ya dawati. Ulikuwa umeshanyooka.

Masomo yalianza na vikomo. Kwa jinsi nilivyoelewa mimi, kikomo ni hivi: unaisogelea namba, unaisogelea zaidi, huigusi, halafu unaulizwa ungeigusa ungekuta nini. Wenzangu walinakili kama watu wanaoandika bei za sokoni. Mimi jasho lilinitoka. Kazi yangu yote ni kuwaambia watu waache nafasi kati yao na gari la mbele, na hapa mtu mzima mwenye koti anatufundisha kusogelea kitu mpaka pumzi ya mwisho. Na katikati ya kila hesabu alikaa sifuri chini ya mstari. Shuleni kwetu tulifundishwa kwamba kugawanya kwa sifuri ni sawa na kuingia barabara isiyopita. Mwalimu wetu wa zamani alitupiga vidoleni kwa rula kwa sababu ya jambo hilo. Sikuwahi kuisahau ile rula.

Jaribio la kwanza likaja. Chiriku alikuwa Mkono, mimi Jicho. Hesabu ilikuwa fupi: juu x mraba toa tisa, chini x toa tatu, x inakaribia tatu. Chiriku akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa duara. Akaipasua ile ya juu vipande viwili, x toa tatu mara x jumlisha tatu. Kisha akaweka chaki juu ya x toa tatu ya juu, na kuivuta kuelekea ile ya chini, aziondoe zote mbili.

Nikaona sifuri. Nikaona kama unavyoona mtoto akikimbilia mpira barabarani. Tatu toa tatu, sifuri, anagawa kwa sifuri, anagonga!

"Rudi!"

Chaki ikakatika. Chiriku hakugeuka, hakuuliza. Akachukua kifutio, akafuta yote, akasimama muda mrefu mbele ya ubao mtupu. Mwishoni akaandika: haina jibu.

Jibu lilikuwa sita. Ushahidi akalieleza kwa upole, jambo lililonitesa zaidi kuliko angefoka. Kwa kuwa x inakaribia tatu lakini haiwi tatu, kile cha chini hakiwi sifuri kamwe, na unaruhusiwa kukiondoa. "Mkono ulikuwa sahihi," akasema. "Wote mmekosa."

Tulirudi nyumbani kwa gari la mafunzo, mimi nikiendesha. Kwenye taa nyekundu nikashindwa kuvumilia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulifuta?"

Akatazama dirishani. "Si wewe uliyesema, Mama?"

Sikuwahi kuogopa neno la mtoto kama nilivyoliogopa hilo. Nilikuwa nimekuja kumlinda, na sasa nilikuwa nimemsukuma hatua moja karibu na mlango wa kutokea.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisini kwa Ushahidi kuomba anihamishe dawati. Ofisi yake ilikuwa ndogo kama kibanda cha mlinzi, na birika la umeme lilichemka juu ya rundo la karatasi. Nilimweleza. Nikamwambia na lile nililokatazwa kusema, kwamba yule ni binti yangu.

"Najua," akasema. "Mnakunja uso kwa namna moja mkiona mabano."

"Basi nihamishe, mwalimu. Nitamharibia."

"Ushahidi uko wapi?"

"Si umeona jana?"

"Jana ni mara moja." Akajimiminia maji ya moto kikombeni, akasahau kuweka majani. "Viti nimeshapeleka ofisi ya mitihani. Tena mtihani wa mwisho kila mtu atashika nafasi ileile aliyoanguka nayo. Yeye Mkono, wewe Jicho." Akakinywa kile kikombe cha maji matupu, na kama alitambua hakuonyesha.

Nilitoka nikiwa na hofu maradufu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini hii yangu nilijifunga mwenyewe, na ncha yake ya pili niliifunga mguuni kwa mwanangu.

Karatasi za mtihani wa kuandika zilitangulia. Mimi nilipata za kunitosha, kwa kukariri usiku na mchana. Chiriku alikwama palepale mpakani. Akipita ubaoni, amepita. Asipopita, ndiyo mwisho wa chuo. Hapakuwa na njia ya tatu, na wote wawili tulilijua hilo kila tulipopishana kwenye korido ya nyumba yetu.

Tukaanza kujizoeza nyumbani. Mlango wa friji ukawa ubao, kalamu ya kufutika ikawa chaki. Nilikaa kwenye stuli, miguu nimeikunja chini yangu, kiganja mdomoni. Tulikuwa tumefika kwenye hesabu za kutafuta kilicho kikubwa kabisa: una waya kiasi fulani, zungushia kiwanja cha pembe nne, upate eneo kubwa kuliko yote. Unaandika eneo, unatafuta kasi ya mabadiliko yake, unaifanya iwe sifuri. Inapokuwa sifuri ndipo kileleni, eneo limeacha kupanda na halijaanza kushuka. Hapa nilimpenda sifuri kwa mara ya kwanza. Na kila tulipofanya, jibu lilikuwa lilelile, mraba. Waya wa mita arobaini, kumi kila upande. Nikalishika hilo kama ninavyoshika usukani: mraba ndiye mshindi.

Chiriku aliandika vizuri. Siku moja akiwa katikati, vumbi likanipanda kooni, nikakohoa.

Akafuta.

"Mbona umefuta?"

"Umekohoa."

"Nimekohoa tu, mwanangu! Ni vumbi!"

Akabaki ameshika kitambaa, ameukazia macho mlango wa friji uliokuwa mweupe tena. "Mama," akasema, "nikiwa naandika sisikii hesabu. Nakusikiliza wewe. Nasikiliza pumzi yako. Ukivuta pumzi nafikiri nimekosea."

Mjomba wake alikuwa amekuja kuchukua funguo za gari, akiwa amesimama mlangoni na tufaha mdomoni. "Dada," akasema, "ungekuwa breki ya kweli ningeshakubadilisha." Chiriku akacheka, cheko fupi, la kwanza baada ya muda mrefu. Mimi nilimfukuza kaka yangu kwa mwiko, lakini maneno yake yalibaki jikoni.

Siku ya mtihani tulipangwa wa mwisho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Darasa zima lilikaa kutazama, wawiliwawili wakaitwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: nilitia maji mpaka nikalowa. Yule kijana aliyenitania kuhusu gia aliandika ishara ya kutoa mahali pa kujumlisha, na Jicho lake, msichana mpole mwenye miwani, aliona, mdomo ukafunguka, neno likakataa kutoka. Wakakosa wote. Msichana alirudi kwenye dawati akisema, "Niliona, niliona, niliona." Yule kijana hakumtazama. Nikasema moyoni, unaona? Kunyamaza pia kunaua.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Tangu asubuhi nilikuwa nimeapa kufunga mdomo, na sasa sikujua tena ni kipi cha kuogopa zaidi.

Tukaitwa. Chiriku akachukua chaki. Nikasimama nyuma yake, nikaona kisogo chake na vinyweleo vidogo vya shingoni ambavyo tangu utotoni havikubali kitana. Blauzi yake ilikuwa imeshika jasho mgongoni. Ushahidi hutoa swali kwa mdomo, mara moja tu. Akalisoma. Nilisikia "waya." Nilisikia "mita arobaini." Nilisikia "kiwanja cha pembe nne" na "eneo kubwa kabisa." Katikati ya maneno hayo nilikuwa nasikia moyo wangu tu, unagonga pamoja na ile feni.

Nikashukuru. Hii tunaijua. Mraba ndiye mshindi, kumi kwa kumi.

Chiriku akachora kiwanja. Mistari mitatu ilikuwa myembamba, na wa nne aliukoleza, akaupitia na kuupitia tena, mnene. Nikadhani ni mkono unaotetemeka. Kisha akaandika x pembeni, x upande wa pili, na juu ya upande mrefu akaandika arobaini toa x mbili.

Moyo ukanilipuka. Upande mrefu ulitakiwa kuwa ishirini toa x! Ndivyo tulivyofanya kwenye friji, mara ngapi sijui. Amesahau kugawa kwa mbili. Ameanza vibaya, mwanzoni kabisa, na kila atakachoandika baada ya hapo kitakuwa kibovu, na yeye anaendelea kwa mwandiko wake wa duara, anateleza kama maji, kuelekea mlingotini.

Nikajikaza. Nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Nikajiambia, nyamaza wewe mwanamke, si unakumbuka lile sita? Lakini nikamwona na yule msichana wa miwani: niliona, niliona, niliona. Chiriku akaandika eneo: x arobaini toa x mraba mbili. Akavuta mstari, tayari kutafuta kasi. Nikamwona akifungasha nguo zake kwenye begi. Niliona ukingo, niliona taa.

"Rudi."

Halikuwa neno kubwa. Lilitoka kama pumzi. Lakini darasa lote lililisikia, na Chiriku aliganda.

Mabega yake yakashuka. Nayajua mabega hayo. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kifutio, ukakishika, ukakiinua. Vumbi jeupe likaanguka kwenye kiatu chake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeibana pumzi, kwa maana hata pumzi yangu angeisoma. Ushahidi alikunja mikono.

Kifutio kiligusa ubao. Pale kilipogusa, kona ya x ikafifia.

Kisha akakirudisha mahali pake. Akakirudisha polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Sirudi, Mama."

"Mama?" sauti moja ikauliza nyuma. "Kumbe ni mamaye?"

Chiriku hakujali. Akaendelea kuandika. Kasi ya mabadiliko ya eneo: arobaini toa x nne. Iwe sifuri. X ni kumi. Upande mrefu, arobaini toa ishirini, ni ishirini. Eneo, mita mia mbili za mraba. Akapigia mstari chini, akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa machozi ambayo sikujua yalianza lini.

"Ushahidi uko wapi?" akauliza Ushahidi.

"Kasi inatoka juu ya sifuri inakwenda chini ya sifuri, kwa hiyo ni kilele."

"Na kwa nini arobaini toa x mbili? Jicho lako limekataa."

Chiriku akaweka kidole juu ya ule mstari mnene. "Upande huu ni ukuta. Ulisema kiwanja kimeegemea ukuta. Ukuta hauhitaji waya." Akanitazama. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya kwetu sisi wawili, "Hukusikia ukuta, Mama."

Sikusikia ukuta. Hapo hapo nilipoogopa zaidi ndipo palipokuwa na neno, na hofu ililimeza.

Ushahidi akaandika kwenye karatasi yake. "Mkono, umepita." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akikosa pa kuweka macho. "Jicho, wewe tutaonana mwaka ujao."

Nilishika dawati la mbele nisianguke. Nilifurahi, jamani, nilifurahi mpaka masikio yakaziba. Na pale pale, chini ya furaha, kitu kilinichoma, wala si ule mwaka wa kurudia. Lilikuwa lile neno lake. Tangu azaliwe hakuna siku aliyoniambia sirudi. Nilikuwa nimelisubiri bila kujua nalisubiri, na lilipokuja liliuma kama jino linalong'olewa bila ganzi.

Uani gari la mafunzo lilikuwa limeegeshwa kwenye jua, na kibao chetu juu ya paa. Vijana walimzunguka Chiriku, wanamtania: kumbe una mama, kumbe mamako ndiye Mwalimu, wewe msichana ni msiri! Alikuwa anasema. Alikuwa anasema kwa haraka, mikono ikipaa, mpaka wengine wakakosa nafasi ya kutia neno. Nikasubiri mpaka wakatawanyika. Kisha nikanyoosha mkono, nikampa funguo.

Akazitazama. "Mama, hapana. Ukikaa hapo mbele siwezi. Unajua."

"Najua."

Nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma. Mle nyuma ndimo wanafunzi hukaa wakisubiri zamu yao. Katika miaka yote ya gari hilo sikuwahi kukaa humo hata kwa kujaribu. Kiti kilikuwa na kibonyeo, na mfukoni mwa kiti cha mbele kulikuwa na maganda ya karanga ya mtu. Nikakaa. Nikafunga mkanda. Mbele yangu kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu.

Chiriku akarekebisha kioo, nikaona macho yake, naye akaona yangu. Akawasha gari.

Nitasema kweli: niliogopa njia nzima. Niliogopa baiskeli, niliogopa mbwa, niliogopa lori lililokuwa mbali kabisa. Tulipokaribia mzunguko nikauona ule mlingoti, rangi yake bado imechubuka pale mwanangu alipoubusu. Gari likaenda. Likaendelea kwenda. Mguu wangu wa kulia ukanyooka wenyewe, ukakanyaga kwa nguvu zake zote, na chini yake hapakuwa na kitu, ni zulia tu.

Gari likapunguza mwendo, likasimama kwenye mstari, likawapisha waliotangulia.

Nikautazama mguu wangu. Ulikuwa bado umekanyaga.

"Uko sawa huko nyuma?" akauliza Chiriku.

"Endesha," nikamwambia. "Naogopa tu."